Umevunja ukuta wa jikoni na sasa sinki inakoroma? Tafuta hewa ilikatwa wapi

Malindi siku hizi kila mtu ataka jikoni ya wazi, ukiingia mlangoni uone sebule mpaka kwenye sinki, ile staili ya nyumba za Waitaliano kule Casuarina, na si vibaya manake jikoni zetu nyingi ni vichumba vya giza na joto lake la saa saba mchana si mchezo. Basi ukuta unavunjwa, vumbi la matumbawe linaingia hadi kopo la sukari, alafu katikati ya ukuta fundi anakuta paipu imesimama wima inaenda juu, anaigonga, iko tupu. Anasema hii haina kazi, anawasha grainda, kwisha. Siku chache mbele sinki inaanza kukoroma, jioni harufu ya septiki inatembea sebuleni, na mwenye nyumba yuko dukani ananunua kostiki soda ya kuzibua paipu ambayo haijaziba.

Ile paipu tupu ilikuwa bomba la hewa, venti. Kuwa tupu ndo kazi yake.

Chini ya sinki kuna trapu, iwe ile iliyopinda au ile ya chupa, na ndani yake kunabaki maji kila ukimaliza kuosha vyombo. Kwa sinki ya jikoni kina chake ni kama milimita 75, kwa choo milimita 50, na hayo maji peke yake ndo yanazuia gesi ya septiki isipande ndani ya nyumba, hakuna kingine. Sasa maji mengi yakishuka kwenye paipu yanavuta hewa nyuma yake, lazima hewa itoke mahali. Ni kama mtungi wa mafuta wa lita 20, ukimimina bila kutoboa tundu la pili yanagugumia, ukitoboa yanatiririka. Venti ndo hilo tundu la pili. Ukilifunga, hewa itavutwa kupitia trapu yako, na ikipita inabeba maji ya trapu, ile sauti unayoisikia ndo hio.

Kwahivo swali la kujiuliza kila mara ni moja tu: zamani hewa ilikuwa inaingilia wapi, na saa hii inaingilia wapi? Dalili zote nitakazotaja zinarudi hapo, isipokuwa chache ambazo si za venti kabisa na ndo hizo zinapoteza watu pesa.

Toka nje kwanza

Kabla ya kufungua chochote zunguka nyuma ya nyumba uangalie paipu ya sinki inamwaga wapi. Nyumba nyingi za zamani, sinki inatoboa ukuta wa nje na kumwaga kwenye gali trapu, kile kijishimo cha zege chenye wavu wa chuma juu, chini yake kina maji yake yenyewe ndo yaende manholi na septiki. Kama yako iko hivyo umepona, manake pale kwenye gali sinki inapata hewa ya bure, na ukuta wa ndani uliovunja hauhusiani na chochote. Kama bado inakoroma basi gali imejaa mafuta yaliyoganda na magamba ya samaki, au mdomo wa paipu umezama ndani ya maji. Safisha gali, kata paipu kidogo ili mdomo wake uwe chini ya wavu lakini juu ya maji, umemaliza, kunywa chai.

Kama sinki inaingia moja kwa moja kwenye paipu kubwa ya inchi 4 ndani ya nyumba, ile inayobeba choo, endelea kusoma.

Paipu iliyokatwa ilikuwa kavu ama inabeba maji?

Hapa watu hawaulizi na ndo jambo kubwa kuliko yote. Paipu moja inaweza kuwa na sehemu mbili. Kutoka chini mpaka pale choo au bafu la juu kabisa linapoingia, hio ni paipu ya maji machafu. Kutoka hapo kwenda juu mpaka paani ni kavu, ni hewa tu. Ile kavu unaweza kuihamisha, kuipindisha, kuizungusha boriti, haina neno, mradi iendelee kupanda na itokee nje. Kwa nyumba ya ghorofa moja au mbili inaweza hata kupungua ikawa inchi 3. Lakini ile inayobeba maji ya choo cha juu usiipindishepindishe ati kwa sababu imekuharibia sebule, kila kona unayoongeza ni mahali pa kuziba na mahali pa kusukuma hewa vibaya. Hio mi nakwambia iache wima pale ilipo, ijengee boksi, piga taili au rangi, iwe nguzo. Nimeona nguzo kama hizo zimewekewa rafu za viungo na mgeni hajui kuna nini ndani.

Kujua ni ipi, mtu mmoja akae na sikio kwenye paipu, mwengine aende juu aflashi. Ukisikia maji yanapita, si venti peke yake. Ukisikia kimya na paipu inaendelea kwenda juu hadi kutokea paani, ni kavu.

Sinki inakoroma yenyewe, mwisho wa kutoa maji

Ziba sinki, jaza nusu au zaidi, fungua. Ikikoroma mwishoni kabisa wakati ile duara ya maji inamalizika, na hakuna kifaa kingine kinachotumika nyumbani, basi inajinyonya yenyewe. Sababu ya kawaida baada ya kuvunja ukuta ni kwamba sinki imehama. Ilikuwa ukutani mita moja kutoka paipu kubwa, sasa iko kwenye kaunta ya katikati au imepelekwa dirishani, mita tano. Paipu ya inchi 1½ (milimita 40) isiyo na venti yake inatakiwa isizidi mita 3 kutoka trapu hadi paipu kubwa, ile ya inchi 2 (milimita 50) isizidi mita 4. Ukizidisha hapo paipu inajaa maji pomoni na mkia wa maji unavuta trapu nzima.

Mteremko nao. Watu wanaamini ukizidi ndo bora. Sio. Kati ya milimita 18 na 90 kwa kila mita ndo sawa, mi hupenda karibu 25, chukua pima maji uhakikishe. Ukiweka mteremko mkali sana, karibu kusimama, maji yanakimbia na kunyonya, na ukiweka bapa mafuta yanakaa.

Alafu kuna hii ambayo huwa nacheka: trapu mbili. Fundi anaweka trapu ya chupa chini ya sinki, na paipu hio hio inaenda kwenye trapu nyingine ya sakafuni, ati harufu isipite kabisa kabisa. Hewa inafungwa katikati ya trapu mbili, haina pa kwenda, kila ukimwaga maji inakoroma na maji yanasitasita. Toa moja. Hata uweke venti kumi hii haiponi mpaka utoe moja.

Dawa ya umbali ni kuiletea sinki hewa karibu. Tawi la venti linafungwa kwenye paipu ya sinki ndani ya milimita 750 kutoka kwenye trapu, linapanda ndani ya ukuta uliobaki, alafu ndo linaunganishwa na venti kubwa juu zaidi ya ukingo wa sinki. Huo urefu wa juu ya ukingo si urembo. Ukiunganisha chini, siku paipu ikiziba maji machafu yatapita kwenye venti kama njia ya mkato, mabaki ya ugali yatakaa humo, na baada ya muda huna venti tena na hujui.

Kama sinki iko kaunta ya katikati na hakuna ukuta wa kupandia, kuna vali ya kuvuta hewa, ile kofia ya plastiki yenye mpira ndani, inafungwa kabatini chini ya sinki. Maji yakivuta, mpira unainuka hewa inaingia, maji yakiisha mpira unakaa na harufu haitoki. Nzuri, rahisi, lakini ina masharti yake na mafundi wengi wanayaruka. Isimame wima. Iwe juu kuliko maji ya trapu, ipandishe kabatini mpaka karibu iguse kaunta. Usiizike ndani ya plasta, lazima ivute hewa na siku moja utaibadilisha. Usiiweke nje juani kama si ya kuwekwa nje, jua la huku linakula plastiki. Na kabla ya kuifunga, ikiwa mpya, ijaribu kwa mdomo kule upande wa paipu: ukivuta ifunguke, ukipuliza ifunge kabisa. Isipofunga mrudishie mwenye duka.

Sinki imetulia, ila choo cha juu kikiflashiwa inanyonya

Hii ndo dalili halisi ya venti iliyokatwa. Sinki haitumiki, mtu kaflashi juu, unasikia glu, glu, na maji yaliyokuwa yanaonekana kwenye tundu la sinki yameshuka. Lita za choo zinashuka kwenye inchi 4 kwa pamoja, juu hakuna pa kuvutia hewa, zinavuta kwa jirani aliye karibu ambaye ni sinki yako.

Fuata paipu kwa macho. Mara nyingi utakuta moja ya haya matatu. Fundi aliikata akaweka kifuniko cha mwisho na gundi, akapiga plasta juu. Au aliikata darini na hakuiunganisha, iko wazi juu ya jipsamu, basi si hio inayonyonya, hewa inapata, lakini gesi yote inamwagika darini, hio utaiona kwenye sehemu ya harufu huko chini. Au hakukata kitu, ni kule juu paani. Panda. Kunguru wa Malindi anajenga popote, na vijiti vyake na waya zake kwenye mdomo wa inchi 4 vinakaa vizuri tu. Kuna wanaofunga waya wa mbu juu ya venti, matundu yake ni madogo, vumbi na utando wa buibui na ile chumvi ya bahari vinaganda, mwaka ukiisha imekuwa kifuniko. Weka kofia ya waya yenye matundu makubwa, inatosha kumzuia kunguru.

Jaribio la haraka kama huwezi kujua: fungua mahali popote panapofunguka kwenye ile paipu kubwa juu ya tawi la choo, hata kifuniko cha ukaguzi, alafu flashi tena. Kama sinki imenyamaza, jibu umelipata, ni hewa. Kama bado inakoroma vilevile basi shida iko chini, sio juu.

Je, ile vali niliyosema inaweza kuchukua nafasi ya venti yote? Mafundi wanapenda jibu la ndio. Vali inaingiza hewa tu, haitoi. Gesi ya septiki lazima ipate pa kutokea na msukumo nao lazima upate pa kwenda, kwahivo nyumba iwe na angalau bomba moja lililo wazi angani, bora zaidi ile inayotoka kichwani mwa mfumo, yaani mwanzo wake, mbali zaidi na septiki. Ukiwa na moja wazi iliyobaki, hapo vali kwenye tawi la sinki ni sawa. Ukifunga zote ukaweka vali kila mahali, umehamisha tatizo kutoka kunyonya kwenda kusukuma.

Povu linapanda kwenye sinki

Kunyonya na kusukuma ni vitu viwili, usivichanganye, dawa ya kimoja haiponyi kingine. Ukiona mapovu yanatoka juu, au maji ya sinki yanaruka mtu akioga juu, hewa inasukumwa. Vali hapa haisaidii hata chembe, inafunga tu.

Fungua manholi iliyo karibu na nyumba. Simama pembeni, usiinamishe kichwa ndani, usiwashe kiberiti wala sigara, na mtu yeyote asishuke septiki hata kama ni kuokota simu, manake ile gesi inaua kabla hujajua na ikiwa kali zaidi pua haiisikii tena. Kama manholi imejaa maji yamesimama, basi mbele kumeziba au septiki imejaa. Masika hii inatokea sana, mwezi wa nne wa tano ardhi imeshiba maji na shimo la kunywea halinywi, nyumba nzima inakuwa nzito, na mwenye nyumba anaulaumu ukuta kwa sababu tu aliuvunja mwezi wa tatu. Hapo muite gari la kunyonya kabla ya kumuita plamba.

Kama manholi iko safi na kavu, angalia mguu wa paipu kubwa, pale inapogeuka kutoka wima kwenda chini ya sakafu. Kona kali ya digrii 90 pale inafanya maji yagonge na kusukuma hewa juu. Kona ndefu, au mbili za digrii 45, ndo zinatakiwa. Na angalia sinki iliunganishwa wapi. Ukuta ukivunjwa fundi hupenda kushusha paipu ya sinki ipite sakafuni na kuingia pale pale mguuni, ndo pahali pa msukumo. Kwa nyumba isiyozidi ghorofa tatu tawi la chini kabisa liingie angalau milimita 450 juu ya kitako cha ndani cha ile paipu iliyolala chini ya sakafu. Kama huwezi, ipe sinki njia yake peke yake hadi gali trapu au manholi, na kwa kweli kama sinki iko karibu na ukuta wa nje mi ningefanya hivyo tangu mwanzo, shida zote za juu unazikwepa.

Harufu tu, hakuna kelele

Hapa tulia kidogo manake sababu ni nyingi na nusu yake hazina uhusiano na ukuta.

Nyumba ilifungwa? Nyumba za wageni zinazokaa miezi bila mtu, maji ya trapu yanakauka kwa joto tu, hakuna aliyeyanyonya. Mwaga maji kila tundu, la sinki, la bafu, la sakafuni, subiri siku moja. Harufu ikiisha kesi imefungwa. Kabla ya kufunga nyumba tena mwaga maji alafu kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, yanachelewesha kukauka.

Harufu iko juu zaidi kuliko chini, hasa ukipanda ngazi au ukifungua kabati la juu? Fikiria ile paipu iliyoachwa wazi darini. Fungua jipsamu uone. Washa udi kidogo usogeze moshi karibu na tundu la taa ya dari, ukiona moshi unasukumwa kuja kwako kuna hewa inatoka huko. Udi kwa sebuleni tu, sio kwenye manholi, nimeshasema.

Harufu iko kabatini chini ya sinki? Ni vali, mpira umekwama wazi kwa uchafu au mdudu, au iliwekwa chini mno ikalowa maji machafu. Itoe, ioshe, haifungi basi badilisha. Ama ni ile ringi ya mpira ya trapu iliyokaa upande.

Na harufu inayokuja kwa msimu? Hii ni ya pwani hasa. Kama inanuka miezi ya kusi na ikifika kaskazi inaisha, au kinyume chake, angalia venti ilipotokea baada ya kuhamishwa. Upepo unaichukua gesi na kuiingiza dirishani. Mdomo wa venti uwe juu ya dirisha lolote lililo ndani ya mita 3 kwa angalau milimita 900. Fundi akiona uvivu wa kutoboa slabu anaitoa venti pembeni mwa ukuta, chini ya dirisha la chumba cha watoto, upepo ukigeuka mnalala na septiki. Na kuna jambo la makuti. Nyumba ilikuwa na slabu bapa, venti imetokea juu ya slabu vizuri tu, baadaye mkajenga makuti juu muwe na pahali pa kupunga upepo. Sasa venti iko chini ya makuti, pale pale mnapokaa na kahawa jioni. Iongeze ipite pembeni ya makuti na ipande juu yake, usiitoboe katikati ya makuti kama unaweza kuepuka, pale patavuja.

Maji yanaenda polepole na hakuna kelele

Hii si venti. Ni mafuta, tui la nazi, makombo. Fungua trapu, safisha, pitisha waya. Kama umehamisha sinki na paipu mpya imelala bapa au ina tumbo katikati, itaziba tena mpaka uirekebishe.

Doa la maji ukutani au darini baada ya kuhamisha

Venti iliyolazwa kwenda pembeni inatakiwa iwe inarudisha maji nyuma kwenye paipu kubwa, kidogo tu lakini isiwe na bonde. Mvua inaingia kwenye mdomo wake, na unyevu unaganda ndani usiku, yote hayo lazima yapate njia ya kurudi chini. Likiwepo bonde maji yanajaa pale, yanafunga hewa, na unarudi kwenye kukoroma huku ukishangaa manake venti mpya iko. Ama ni pale ilipotoboa slabu, kuzunguka paipu hakukuzibwa vizuri, saruji peke yake inapasuka. Tia lami au dawa ya kuzuia maji na kola.

Bado hujavunja? Fanya hivi

Panga njia mpya ya venti kwanza, ukuta baadaye. Wengi wanafanya kinyume, wanabaki na jikoni ya vumbi na choo kisichotumika. Tafuta ukuta utakaobaki, pima kutoka paipu ya zamani hadi huko. Chini ya slabu, juu kabisa, paipu itembee pembeni na mwinuko wake, kona za digrii 45 mbili badala ya 90 moja, ipande, itokee. Ukuta wa matumbawe wa inchi 6 usiuchimbe kuficha paipu ya inchi 4, unabaki na nini? Weka pembeni na boksi, ama tumia inchi 3 kwa sehemu kavu. Ukishaunganisha mpya ndo unakata ya zamani, na shina linalobaki liunganishwe na njia mpya, lisizibwe.

Na ukuta wenyewe, hakikisha haubebi kitu. Hio si kazi ya plamba kukwambia.

Kwa walio Lamu hili ndo linakuja kwanza. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kugusa nyumba kule kuna ofisi ya makumbusho ya kupitia kabla hujashika nyundo, iwe uko Mkomani au Langoni. Zaidi ya karatasi, zile kuta nene za matumbawe na chokaa ndo zinabeba boriti za mikoko, vyumba vyembamba vile ni kwa sababu boriti hazifiki mbali. Ukivunja ukuta wa kati umeondoa mguu wa dari. Kwahivo Lamu swali huwa si kuhamisha venti ya ukuta uliovunjwa, ni kuingiza venti kwenye jikoni ambayo haikuwahi kuwa nayo, na paipu inapita juu ya ukuta, haichimbwi, chokaa ikibanduliwa na kuzibwa kwa saruji ukuta haupumui na plasta inadondoka. Usiitokeze kwenye ua wa ndani, hewa pale haitembei, harufu itakaa. Ipande hadi juu ya paa. Na paipu za mita 6 waambie wakate dukani, punda na zile kona za vichochoro hawatakuelewa.

Kabla ya plasta

Usimlipe fundi yote mpaka umeona hili. Chukua kijiti kirefu cha mshikaki, toa wavu wa sinki, mwaga maji trapu ijae, chovya hadi chini, weka alama palipolowa. Alafu watu wawili: mmoja aflashi choo cha juu, mwengine afungulie sinki ya juu au bafu lililojaa, kwa pamoja. Chovya kijiti tena. Rudia mara tatu hivi, kila mara ukijaza trapu upya, uchukue ile iliyoshuka zaidi. Kwenye trapu ya milimita 75 maji yasishuke zaidi ya milimita 50 chini ya alama ya kwanza, ili ya kuzuia harufu yabaki angalau 25. Yakishuka zaidi ya hapo, ama kijiti kikitoka kikavu, paipu bado haipati hewa ya kutosha na plasta isubiri, mrudishe fundi juani akaangalie mdomo wa venti kabla ya kugusa kitu kingine. Yakibaki, afunge boksi, ila aache mlango mdogo wa kufikia kifuniko cha ukaguzi.